Kofia za chuma zilizovikwa kitambaa cha mwavuli

Mtazamaji wa picha za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia huenda akapita mara nyingi bila kuliona jambo hili. Askari wa miavuli amesimama kando ya ua, bunduki mkononi, na kofia yake ya chuma haifanani na ya mwenzake. Imevishwa kitambaa chepesi chenye mabaka, kimekunjwa na kuingizwa chini ya ukingo, na pengine kimekazwa kwa kipande cha mpira. Kitambaa hicho hakikutolewa na bohari ya jeshi. Askari alikikata mwenyewe, kwa kisu chake, kutoka katika mwavuli uliomshusha ardhini.

Vifuniko vya namna hiyo vimo katika picha za Normandy za mwezi Juni 1944, za Uholanzi mwezi Septemba mwaka huo huo, za Ardennes wakati wa baridi, na miaka 10 baadaye katika picha za Indochina. Kwa mwanahistoria ni ushahidi. Humwonyesha askari alikuwa jeshi gani, alipitia wapi na alipungukiwa na nini. Humwonyesha pia, mara nyingine, kwamba maelezo yaliyoandikwa chini ya picha si ya kweli.

Adui wa kwanza ni mng'ao

Kofia ya chuma ya jeshi la Marekani, iliyojulikana kama M1, ilianza kutumika mwaka 1941, na hadi vita vilipokwisha zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 20. Ilikuwa na sehemu mbili. Ya nje ni gamba la chuma. Ya ndani ni kofia nyepesi yenye kamba za kukalia kichwani. Viwandani gamba lilipakwa rangi ya kijani iliyochanganywa na unga wa gome la koki ili lising'ae. Lakini rangi huchujuka. Ukingo ukisugua mawe na milango ya magari, chuma huchomoza. Na hata rangi ikiwa nzima, mvua ikinyesha gamba hung'aa kama sufuria iliyooshwa.

Tatizo la pili ni umbo. Msituni na mashambani hakuna kitu kilicho duara laini kama kichwa chenye kofia ya chuma. Jicho la mdunguzi huliona umbo hilo kabla halijaiona rangi yake. Tatizo la tatu husahauliwa na wengi: sauti. Tawi likigusa chuma kitupu hulia, na usiku wa doria mlio huo husikika mbali. Kitambaa huyapunguza yote matatu kwa mkupuo mmoja.

Majeshi hayakulitatua jambo hili kwa namna moja. Wanamaji wa nchi kavu wa Marekani, wale waliopigana katika visiwa vya Pasifiki, walipewa tangu mwaka 1942 vifuniko rasmi vya nguo nzito, upande mmoja rangi za kijani na wa pili za kahawia. Kikosi cha Waffen-SS cha Ujerumani kilikuwa na vifuniko vyake hata kabla ya vita kuanza. Waingereza walitumia nyavu wakazifuma kwa vipande vya gunia. Jeshi la nchi kavu la Marekani barani Ulaya lilitegemea nyavu pia, na halikuwa na kifuniko rasmi cha kitambaa. Pengo hilo ndilo lililozibwa na kitambaa cha mwavuli.

Hariri, nailoni na mabaka

Kabla ya vita miavuli ya kurukia ilishonwa kwa hariri, na hariri nyingi ilitoka Japan. Uhusiano ulipoharibika, kisha vita vikazuka katika Pasifiki mwezi Desemba 1941, mlango huo ulifungwa. Nailoni ikachukua nafasi yake. Kampuni ya DuPont ilikuwa imeitangaza mwaka 1938, na soksi za wanawake za nailoni zilianza kuuzwa Marekani kote mwezi Mei 1940. Ilipofika mwaka 1942, nailoni yote ilielekezwa katika mahitaji ya vita. Hata hivyo wazee wa vita waliendelea kusema "hariri" kwa kila mwavuli, na mazoea hayo yamewapotosha wengi walioandika baada yao.

Mwanzoni kitambaa kilikuwa cheupe. Mwavuli mweupe uliotandazwa shambani huonekana na rubani wa adui aliye juu sana, na huonyesha bila kuficha mahali askari waliposhukia. Kwa hiyo Wamarekani, Waingereza na Wajerumani wote walianza kutumia vitambaa vilivyotiwa rangi za kijani, na vingi vilikuwa na mabaka. Mwavuli mkuu wa askari wa Marekani ulikuwa na kipenyo cha futi 28, sawa na mita 8 na nusu, na uliunganishwa kwa vipande virefu 28 vya pembetatu. Hesabu yake ni rahisi: mwavuli mmoja ungeweza kuvisha kofia za kikosi kizima na bado kikabaki cha kutengeneza skafu, cha kufungia jeraha na cha kujifunikia usiku.

Kwa kanuni, mwavuli ulikuwa mali ya serikali na ulipaswa kurudishwa. Katika usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Juni 1944, Wamarekani wapatao 13,000 walipotupwa gizani juu ya Normandy na wengi kutawanyika mbali na mahali walipopangiwa, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukunja mwavuli. Waliokata vipande walikata. Waliobaki nyuma, yaani wenyeji wa vijiji, walikusanya kilichosalia. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo watoto wa Normandy na wa Uholanzi walibatizwa, na mabinti waliolewa, katika nguo zilizoshonwa kwa miavuli. Jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington linahifadhi gauni la harusi la mwaka 1947 lililoshonwa kwa mwavuli uliomwokoa rubani wa ndege ya B-29.

Namna ya kukivalisha

Kofia ya M1 ilimfaa sana mtu aliyetaka kuishonea au kuivisha nguo. Kwa kuwa gamba na kofia ya ndani zilitengana, askari alitandika kitambaa juu ya gamba, akakunja pindo ndani, kisha akairudisha kofia ya ndani ambayo ilikibana kama kifuniko cha chungu kinavyobana jani la mgomba. Hakukuwa na haja ya sindano. Wengine waliweka wavu juu yake ili kuchomeka majani. Wengine walikata pete ya mpira kutoka tyubu ya gurudumu wakaizungusha nje.

Wajerumani walikuwa na kazi ngumu zaidi. Katika kofia yao, ngozi ya ndani ilikuwa imepigiliwa kwa ripiti na haitoki. Kitambaa kikahitaji kushonwa, kufungwa kwa kamba, au kushikiliwa kwa waya uliopitishwa chini ya ukingo. Ndiyo maana katika picha zao tunaona mara nyingi wavu wa waya, ule wa mabanda ya kuku, na mikanda ya mikoba iliyofungwa juu ya kofia. Pale walipoteka mizigo ya adui walitumia miavuli ya adui. Mjini Arnhem, Septemba 1944, sehemu kubwa ya vyakula na risasi walizotupiwa Waingereza ilianguka katika maeneo yaliyokwisha kushikwa na Wajerumani, pamoja na miavuli yake. Askari wapatao 10,000 wa Uingereza na washirika wao walipelekwa huko. Waliovuka mto kurudi usiku wa tarehe 25 Septemba hawakufika 2,500.

Kifuniko kilikuwa na hasara zake. Gamba la M1 lilikuwa beseni la kunawia, chungu cha kuchemshia maji na, kwa asiye na sepetu, chombo cha kuchimbia. Ukilivisha nguo, kila asubuhi unaivua au unakaa bila kunyoa ndevu. Zaidi ya hayo, nailoni nyepesi nayo hung'aa kidogo ikiwa mpya, mpaka ipate vumbi na matope ya kutosha.

Na kulikuwa na hatari kubwa kuliko hiyo. Mabaka yalikwisha kuwa, katika macho ya askari wa Marekani, alama ya Waffen-SS. Mwezi Julai 1944 baadhi ya askari wa Divisheni ya Pili ya Vifaru ya Marekani walipewa sare za mabaka huko Normandy. Muda mfupi baadaye zilianza kuondolewa, kwa sababu wenzao waliwadhania Wajerumani na kuwapiga risasi. Mtu aliyejikatia kitambaa cha mwavuli alikuwa akipima mambo mawili: kuonekana na adui, na kutotambuliwa na rafiki. Askari wa Divisheni ya 101 walikuwa wamechora pembeni mwa kofia zao alama za karata, yaani kopa, shupaza, pau na uru, ili kila rejimenti iwatambue watu wake. Kitambaa kilipofunika kofia, kilifunika na alama.

Bastogne: mashuka, miavuli na wauguzi wawili

Hakuna mahali ambapo kitambaa kilichotoka angani kilibeba maana nyingi kama katika mji mdogo wa Bastogne, kusini mashariki mwa Ubelgiji. Wajerumani walishambulia Ardennes tarehe 16 Desemba 1944. Siku chache baadaye Divisheni ya 101 na vikosi vingine vya Marekani vilikuwa vimezingirwa mjini humo, bila nguo za kutosha za baridi. Kisha theluji ikaanguka. Kofia ya kijani, iwe ya rangi au ya mwavuli wenye mabaka, sasa ilikuwa doa jeusi juu ya ardhi nyeupe.

Katika kijiji cha Hemroulle, kando ya Bastogne, kamanda wa kikosi kimoja cha miavuli, John Hanlon, aliwaomba wanakijiji mashuka yao. Kengele ya kanisa ikapigwa, watu wakaja na mashuka yapatayo 200. Yalichanwa vipande vipande; mengine yakavaliwa mabegani kama majoho, mengine yakafungwa juu ya kofia za chuma. Watu waliotoa mashuka hayo walikuwa wenyewe katika baridi ile ile. Hanlon hakusahau. Mwaka 1948 alirudi Hemroulle na mashuka mapya yaliyochangwa na watu wa mji wake wa Winchester, katika jimbo la Massachusetts. Kwa hiyo, unapoona picha za Ardennes zenye kofia zilizofungwa nguo nyeupe, usiseme haraka kwamba ni miavuli. Nyingi ni matandiko ya vitanda vya wakulima wa Ubelgiji.

Miavuli yenyewe ilikuja tarehe 23 Desemba. Mawingu yalifunguka, na ndege za uchukuzi zikaanza kuwatupia waliozingirwa risasi, dawa na chakula. Miavuli ya mizigo ilikuwa ya rangi mbalimbali. Ikawa blanketi katika mashimo ya mapigano, ikawa skafu, ikawa vifuniko vya kofia, na katika vituo vya majeruhi ikawafunika watu waliokuwa wamelala sakafuni.

Katika kituo kimojawapo, kilichokuwa chini ya daktari Mmarekani John Prior, walikuwapo wauguzi wawili wa Kibelgiji waliojitolea. Mmoja ni Renée Lemaire, mwenye umri wa miaka 30. Wa pili ni Augusta Chiwy, aliyezaliwa mwaka 1921 katika nchi ambayo leo ni Burundi na wakati huo ilikuwa sehemu ya Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji. Baba yake alikuwa Mbelgiji wa Bastogne na mama yake Mkongo. Alipelekwa Ubelgiji akiwa mtoto. Nguo zake zilipolowa damu alivaa sare ya askari wa Marekani, na akiwa katika sare hiyo alitoka na Prior kwenda kuokota majeruhi katika uwanja wa mapigano. Kanuni za jeshi la Marekani za wakati huo zilikuwa bado zikitenganisha weusi na weupe. Prior aliwajibu waliolalamika kutibiwa na mwanamke mweusi kwamba wachague kati ya muuguzi huyo na kifo.

Lemaire, kwa maelezo ya Prior, alikuwa na tamaa moja ndogo. Kila ndege zilipoangusha miavuli alitoka mbio kutafuta mmoja mweupe, apate kitambaa cha gauni lake la harusi. Askari walimtangulia kila mara. Jioni ya tarehe 24 Desemba bomu la Wajerumani liliangukia jengo la kituo. Majeruhi zaidi ya 30 waliuawa, na Lemaire pamoja nao. Chiwy alirushwa na mlipuko kupitia ukuta akanusurika. Prior aliupeleka mwili wa Lemaire kwa wazazi wake ukiwa umefungwa katika mwavuli mweupe.

Chiwy aliishi miaka mingi bila kusimulia. Majina yao yalichanganywa na uvumi, na kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba naye alikufa usiku ule. Mwanahistoria wa Uingereza Martin King ndiye aliyemtafuta na kumpata. Mwaka 2011 alitunukiwa nishani na Ubelgiji na jeshi la Marekani, na alifariki dunia Agosti 2015 akiwa na miaka 94. Msomaji wa Bujumbura au wa Kigoma hana sababu ya kuzitazama picha za Bastogne kama jambo lisilomhusu.

Burma: mwavuli uliofumwa kwa juti

Askari wetu wa Afrika Mashariki walikutana na miavuli mahali pengine. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo askari wake wengi walikuwa wa King's African Rifles, au Keya kama walivyoitwa nyumbani, walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Katika nusu ya pili ya mwaka 1944 waliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, nchini Burma, katikati ya mvua za masika zilizogeuza barabara kuwa matope. Mwezi Desemba walifika Kalewa kwenye mto Chindwin. Njiani walilishwa kwa sehemu kubwa kutoka angani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kuulizana gunia limeangukia wapi.

Lakini miavuli ilikuwa haba. Jeshi la 14, ambalo divisheni hiyo ilikuwa chini yake, lilikuwa la mwisho katika orodha ya kugawiwa vifaa. Jenerali William Slim ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi maofisa wake walivyowaendea wenye viwanda vya juti mjini Calcutta na kuwaomba wafume mwavuli wa kitambaa hicho hicho cha magunia. Ilipatikana. Bei yake ilikuwa pauni moja na kidogo, ilhali mwavuli wa kawaida ulizidi pauni 20. Juti haikuaminiwa kubeba mtu wala kitu cha thamani, lakini mchele, unga na risasi vilishuka salama.

Juti ni nzito, ina nyuzi zinazochomoza na haifai kukunjwa juu ya kofia kama nailoni. Tena picha za divisheni hiyo zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Vita la London zinawaonyesha askari wa Keya mara nyingi wakiwa na kofia pana za kitambaa kizito, ukingo mmoja umekunjwa juu, na si za chuma. Picha ikidaiwa kuwa ya Mwafrika Mashariki huko Burma mwenye kofia ya chuma iliyovikwa nailoni ya mabaka, ni haki kuitilia shaka mpaka ipatikane asili yake.

Dien Bien Phu: kitambaa kimoja, pande mbili

Indochina ndiyo inayotupa mfano wa ajabu kuliko yote, kwa kuwa hapo mshambuliaji na mshambuliwa walivaa kitambaa kilichotoka katika ndege zile zile. Mapigano ya Dien Bien Phu yalianza tarehe 13 Machi 1954 na kwisha tarehe 7 Mei. Ngome ya Wafaransa ilikuwa bondeni, imezungukwa na milima iliyoshikwa na majeshi ya Jenerali Vo Nguyen Giap. Mwishoni mwa Machi mizinga ilikuwa imeufunga uwanja wa ndege, na kuanzia hapo kila risasi, kila chupa ya damu na kila askari wa ziada alishuka kwa mwavuli. Mwanahistoria Bernard Fall amehesabu miavuli zaidi ya 80,000 iliyotumika. Bonde zima lilifunikwa nayo.

Waliokuwa ndani ya ngome hawakuwa Wafaransa tu. Walikuwamo Waalgeria, Wamorocco, Waafrika Magharibi, Wathai wa milimani, Wavietnam, na askari wa Kikosi cha Kigeni waliotoka kila pembe ya Ulaya. Kofia zao nyingi zilikuwa zile za Kimarekani za vita vilivyopita, na juu yake waliweka nyavu, vitambaa vya mabaka vilivyosalia tangu 1945 na vipande vya miavuli.

Kadiri ngome ilivyozidi kubanwa, ndivyo mizigo mingi zaidi ilivyoangukia upande wa pili. Askari wa Vietnam walivaa kofia zilizosukwa kwa mianzi na kuvishwa nguo, wavu juu yake. Hazikuzuia risasi, lakini zilishika majani vizuri. Kitambaa cha mwavuli wa Kifaransa kikawa skafu shingoni, tandiko mgongoni na kificho cha kofia. Mazoea hayo hayakwisha mwaka 1954. Katika vita na Wamarekani miaka ya 1960 kipande cha mwavuli wenye mabaka kilikuwa bado miongoni mwa vitu ambavyo askari wa Vietnam Kaskazini alivithamini. Wamarekani wenyewe kwa wakati huo walikuwa wamepata kifuniko rasmi cha nguo chenye majani upande mmoja, kilichoanza kutolewa mwaka 1953, na askari wa miavuli hakuwa tena na haja ya kukata wake.

Picha za upande wa Ufaransa tunazijua hasa kwa kazi ya Daniel Camus na Jean Péraud, waliokuwa pamoja na mpiga sinema Pierre Schoendoerffer. Wote watatu walitekwa. Péraud alitoroka akiwa mateka na hakuonekana tena. Upande wa pili, mpiga sinema wa Kisovieti Roman Karmen alifika Vietnam mwezi Mei 1954 mapigano yakiwa yamekwisha, na baadhi ya matukio yalirudiwa mbele ya kamera yake. Askari tunaowaona humo ni wa kweli, na miavuli iliyotanda nyuma yao ni ya kweli. Saa ya tukio siyo.

Kuisoma picha

Jee, mtu atajuaje kwamba kitambaa kilicho juu ya kofia ni cha mwavuli? Kwanza, kikunjo. Nailoni na hariri ni nyembamba sana, kwa hiyo hufanya mikunjo midogo mingi kuelekea ukingoni, kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa uzi. Nguo nzito ya kifuniko rasmi hukunjika mara chache na kwa mikunjo minene. Pili, mshono. Vipande vya mwavuli huunganishwa kwa mshono mnene wa kukunjwa mara mbili, na mara nyingi mshono huo hukatiza kofia kwa mshazari. Kifuniko rasmi kina mshono wake mahali pale pale kila mara. Tatu, ukubwa wa mabaka. Mabaka ya mwavuli yalichorwa yafiche kitu chenye upana wa chumba, kwa hiyo juu ya kofia hubaki doa moja au mawili tu.

Rangi haisaidii kama watu wanavyodhani. Picha nyingi za vita vile ni nyeusi na nyeupe, na filamu ya aina iliyotumika huweza kuonyesha nyekundu na kijani kwa kijivu kinachokaribiana. Kipande cha mwavuli mwekundu wa mizigo, ambacho hakuna mwenye akili timamu angekivaa mstari wa mbele, kinaweza kuonekana katika picha kama kijani tulivu. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazopaka rangi picha za zamani, na picha hizo husambaa kwa kasi. Rangi zake ni za kubuni. Programu ikiona askari hupaka kijani. Na mtoto wa shule atakayeiona picha hiyo ataamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kuna na biashara. Kofia ya M1 ya kawaida si kitu adimu, lakini ukiongeza kifuniko cha mwavuli na simulizi ya Normandy, bei hupanda mara nyingi zaidi. Mdanganyifu hahitaji hata kughushi kitambaa, kwani miavuli halisi ya wakati wa vita ipo. Anakata kipande cha zamani na kukivisha leo. Wataalamu hutazama uzi: nyuzi nyingi za baada ya vita huwaka weupe wa samawati chini ya taa ya miale ya urujuanimno, ilhali uzi wa pamba wa zamani hubaki na giza. Hutazama pia kutu. Kitambaa kilichokaa juu ya ukingo wa chuma kwa miaka 80 hubeba mstari wa kutu unaolingana na ukingo huo milimita kwa milimita, na mstari huo ukiwa mahali pengine, kofia na nguo havikuzeeka pamoja.

Mwisho hubaki picha zenyewe, na nyingi sasa zinapatikana bila malipo. Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani ilitoa kwa umma zaidi ya picha 80,000 mwezi Desemba 2008, nyingi zikiwa za wapigapicha wa kijeshi. Picha za Arnhem zilizopigwa na masajini watatu wa kikosi cha picha cha jeshi la Uingereza, Dennis Smith, Mike Lewis na Gordon Walker, ziko London. Za Robert Capa, aliyeruka na Wamarekani ng'ambo ya mto Rhine tarehe 24 Machi 1945 na kuuawa na bomu la ardhini huko Indochina tarehe 25 Mei 1954, zinahifadhiwa New York. Anayetaka kuanza na aanze na hizo za Capa za mwezi Machi: miavuli ingali inaning'inia mitini, na chini yake watu wamekwisha kuichana.